Matatu tatu, ekari kumi za mikaratusi, na broka wa kaboni

Swali: Mwalimu, mimi ni katibu wa chama cha watu 22 hapa Kasarani. Tuna matatu tatu za abiria 14 zinazopita Thika Road, na kila moja hunywa kama lita 30 za dizeli kwa siku. Tulinunua ekari 10 kule Gatanga, Murang'a, shamba lililokuwa la kahawa ila mibuni iling'olewa zamani. Upande wa chini kuna kijito. Broka mmoja ametushauri tupande mikaratusi kote, tuivune baada ya miaka 8, na tukiwa tunangoja tuuze vyeti vya kaboni kila mwaka, yaani hati za hewa ukaa ambayo miti imefyonza. Anasema hivyo tutasaidia taifa kufikia usawa wa hewa ukaa, yaani lisitoe zaidi ya inayofyonzwa, na hata matatu zetu tutaziandika kwamba hazina kaboni. Wanachama wameshangilia. Mimi najiuliza: mti ukikatwa, hewa yake si inarudi? Na hizo pesa za aina mbili zipo kweli?

Jibu:

Bi. Katibu, pandeni miti. Msipande tu kwa hesabu ya huyo broka, kwa sababu ameichukua hewa ya mti mmoja akaiuza mara nyingi. Nitaipiga hesabu hiyo hapa polepole ili uwasomee wenzako, kisha tuone shamba lenyewe.

Mti hujijenga kwa hewa. Kuni ikikauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kila kilo moja ya kaboni iliyo ndani ya mbao ilitoka kwenye kilo 3.67 za hewa ukaa. Mikaratusi iliyotunzwa vizuri katika udongo mwekundu na mvua ya Murang'a inaweza kuongeza mita za ujazo 25 za shina kwa hekta kila mwaka, yaani kama mita 10 kwa ekari. Hizo mita 10 zikikauka zina uzito wa tani 5 hivi. Ongeza matawi na mizizi, utafika tani 7 na nusu. Gawanya kwa mbili upate kaboni, zidisha kwa 3.67, na una tani 13 hadi 14 za hewa ukaa kwa ekari kwa mwaka. Tuseme 13. Kuna watakaopata zaidi na kuna watakaopata nusu yake, hasa wanaopanda na kuondoka.

Kwa miaka 8 ekari moja itakuwa imefyonza tani 104. Hapo ndipo broka anapofunga daftari, na hapo ndipo swali lako linapoanza. Mwaka wa 8 mnakata. Shamba linarudi karibu na sifuri, isipokuwa visiki na mizizi ambayo kwa mkaratusi hubaki hai na kuchipua tena. Mnaanza upya kutoka chini, mnapanda hadi 104, mnakata. Ukichora mstari huo kwa miaka 40 utaona meno ya msumeno, na wastani wake ni kama tani 52. Hiyo ndiyo hewa ambayo shamba lenu limeiondoa angani kwa muda mrefu. Viwango vinavyotumika kutoa vyeti kwa misitu ya kuvunwa hufuata hesabu hii ya wastani: unalipwa hadi ufike kwenye wastani, basi. Shamba ni kama tangi la maji. Likishajaa, hata bomba likiendelea kutiririka huwezi kusema umeongeza akiba.

Kwa hiyo ekari 10 zikipandwa zote, jumla ni tani 520. Mara moja. Si kila mwaka, wala si kila mzunguko wa miaka 8.

Sasa matatu. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Lita 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni lita 9,000, yaani zaidi ya tani 24 kwa gari moja. Tatu zinatoa kama tani 73. Gawanya 520 kwa 73: shamba lenu lote la Gatanga linafunika matatu zenu kwa miaka 7. Mwaka wa 8 magari bado yanaungurumisha moshi pale Roysambu na tangi la shamba limejaa. Mkitaka kuendelea kuandika "hazina kaboni" mtalazimika kununua ekari nyingine 10, kisha nyingine, na kuhakikisha ule wastani haushuki mahali popote, milele. Ningewashauri msiandike. Moshi wa gari hutibiwa kwenye gari lenyewe. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 90, hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, na mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria Nairobi tangu 2022. Siku mtakayouza gari mojawapo la kizamani na kununua la umeme, mtakuwa mmepunguza tani ambazo hazirudi, na hakuna mtu atakayewauliza mmekata mti gani.

Tuje kwenye pesa. Bei ya cheti kimoja, yaani tani moja, hubadilika sana kulingana na mradi na mnunuzi. Mimi natumia dola 10 kwa mfano tu, na dola moja kwa shilingi 130. Tani 520 zinakuwa dola 5,200, kama shilingi 676,000. Wagawieni watu 22 muone kama ni pesa ya kushangilia. Na hizo ni kabla ya gharama. Mradi wa kaboni ni lazima uandikwe, ukaguliwe na mkaguzi wa nje, usajiliwe, na upimwe tena kila baada ya miaka michache. Gharama ya kazi hiyo kwa mradi mmoja huhesabika kwa makumi ya maelfu ya dola. Ekari 10 peke yake haziwezi kuibeba. Ndiyo maana miradi ya wakulima wadogo inayofanya kazi huunganisha maelfu ya mashamba chini ya mradi mmoja, kama TIST ambayo imekuwa ikifanya hivyo na vikundi vidogo Meru na upande wa Nanyuki kwa takriban miaka 20. Kama broka wenu hana kitu cha namna hiyo cha kuwaingiza, basi hana kaboni ya kuuza, ana karatasi.

Linganisheni na mbao. Mita 10 kwa ekari, kwa miaka 8, kwa ekari 10, ni mita za ujazo 800. Zile shilingi 676,000 ukizigawa kwa mita 800 unapata shilingi 845 kwa mita. Nenda kiwanda cha chai kilicho karibu na shamba uulize wananunua mita moja ya kuni kwa bei gani, toa gharama ya kukata na lori, kisha uweke kando ya hiyo 845. Kumbuka pia kuni zitauzwa tena mzunguko wa pili na wa tatu, wakati kaboni haitauzwa tena. Biashara yenu ni mbao. Kaboni, ikija, ni nyongeza.

Kuna kichekesho kimoja katika karatasi aliyowapa, kama inafanana na nyingine ninazoletewa. Ukurasa wa kwanza unajisifu kwamba mikaratusi ina faida kubwa na kila jirani anapanda. Mkaguzi wa kaboni huuliza swali moja gumu kuliko yote: je, miti hii ingepandwa hata bila pesa za kaboni? Kama jibu ni ndiyo, hakuna cheti, kwa kuwa hewa haikupata kitu ambacho haingekipata. Kwa hiyo kadiri broka anavyowathibitishia kwamba mbao zitalipa, ndivyo anavyojifungia mlango wa kaboni kwa mkono wake. Mkaguzi atauliza pia kama palikuwa na msitu wa asili uliofyekwa katika miaka 10 iliyopita. Hapo mko salama kwa sababu ilikuwa kahawa, lakini tafuteni ushahidi wa picha au wa maandishi mapema.

Sasa hilo la kusaidia taifa. Kenya iliahidi mwaka 2020 kupunguza hewa chafu kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na tani milioni 143 ambazo zingetolewa kama tungeendelea na mambo kama kawaida. Hizo ni tani milioni 46 hivi. Desemba 2022 serikali ikazindua mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Hesabu ya kitaifa ya 2021 ilikuwa imeonyesha asilimia 12.13. Ardhi ya umma haitoshi kufanya hivyo. Miti mingi itabidi isimame kwenye mashamba ya watu binafsi kama ninyi, na mtu binafsi hapandi mti wa miaka 20 kwa sababu ya hotuba. Anapanda kwa sababu anaona mnunuzi. Kwa hiyo ndiyo, chama chenu ni sehemu ya jibu la taifa, hata msipouza cheti kimoja.

Ajabu ni kwamba mkiuza, mchango wenu kwa taifa unaweza kupungua. Chini ya Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi, nchi ya nje ikinunua tani zenu kwa idhini ya serikali ili izihesabu kwenye ahadi yake, Kenya inalazimika kuzitoa kwenye daftari lake. Tani moja haihesabiwi nyumba mbili. Si vibaya kuuza, nchi inahitaji fedha za kigeni. Ila mtu asiwaambie mmeuza nje na wakati huohuo mmesafisha taifa na matatu zenu. Hiyo ni tani moja kwa wateja watatu.

Narudi kwenye swali lako la mti uliokatwa, maana lina upande wa pili ambao wapinga-mikaratusi huuruka. Hewa hairudi siku ya shoka. Hurudi siku mbao inapooza au kuchomwa, na hiyo inategemea mmemuuzia nani. Mkiuza kuni kwa kiwanda, hewa inapaa mwaka huohuo, lakini kama kuni hizo zimechukua nafasi ya mafuta mazito au za msitu wa asili, kuna kilichookolewa. Mkiuza nguzo zilizotiwa dawa, kaboni inakaa miongo miwili au zaidi. Mbao za paa na samani nzuri hukaa zaidi. Na penye mbao kuchukua nafasi ya saruji, faida ni maradufu, kwani kutengeneza saruji Athi River ni kuchoma mawe ya chokaa ambayo yenyewe hutoa hewa ukaa hata ukiwa na tanuri safi kiasi gani. Mbao mbaya kuliko zote kwa hesabu hii ni zile za kumwagia zege. Tazama ghorofa zinazoota kila wiki huko kwenu Kasarani, Mwiki na Ruaka: fito zinashikilia slabu, mbao zinatumiwa mara chache, zinapasuka, na mwisho wake ni chini ya sufuria ya githeri kwenye kibanda cha jirani. Soko hilo ni kubwa na halina makuu, litawanunulia miti hata ya miaka 4. Hamtakosa kuliuzia, ila msilihesabu kama akiba ya kaboni.

Hapo ndipo ningependa mbadilishe mpango. Si lazima ekari zote zikatwe mwaka wa 8. Mkipunguza miti mwaka wa 4 au 5, mkauza fito na kuni, kisha mkaacha mashina bora yasimame hadi miaka 15 au zaidi, mnapata magogo ya mbao, bei ya juu, na wastani wa kaboni shambani unapanda. Gogo nene ni mali tofauti kabisa na fito. Mpasuaji naye ni muhimu: anayepasua kwa msumeno wa mkononi wa injini hugeuza zaidi ya nusu ya gogo kuwa vumbi na maganda. Uzeni kwa mwenye mashine nzuri hata kama yuko mbali kidogo.

Na msipande mkaratusi kote. Gatanga ndiko liliko bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, ambalo hulisha Nairobi sehemu kubwa ya maji yake. Maji mnayochota Kasarani, siku yanapotoka, huenda yalipita karibu na shamba lenu. Mkaratusi hukua haraka kwa sababu hunywa haraka. Uliletwa Kenya mwaka 1902 kulisha injini za reli ya Uganda kwa kuni, na kazi hiyo ya kuni ndiyo uliyoiweza tangu mwanzo. Kandokando ya kijito hauna kazi. Wakati marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliamuru mikaratusi ing'olewe kwenye kingo za mito, na wakulima wengi walikasirika, lakini kwa hilo alikuwa sahihi. Acheni mita 30 kutoka majini. Hapo wekeni mianzi na miti ya kwetu, mwiri na mkinduri kwa mfano, msiihesabie pesa.

Juu ya mteremko, ekari 4 au 5 za mkaratusi zinatosha. Zinazobaki gawanyeni kati ya mgrivea, ambao wazee wa Murang'a wanauita mukima na ambao unaweza kupanda mahindi na maharagwe chini yake miaka ya mwanzo, na msaipresi kama mna subira ya miaka 25. Sababu si uzuri wa macho. Mwaka 1990 chawa wa msaipresi aliingia nchini akakausha miti mingi. Mwaka 2002 akaja nyigu mdogo anayevimbisha majani ya mkaratusi. Aliyepanda aina moja alilia peke yake. Vilevile soko: kuna waliojaza mashamba kwa ajili ya nguzo za umeme, nguzo za zege zikaingia, wakabaki na miti mirefu isiyo na mwenyewe.

Miche msinunue barabarani kwa sababu ni ya shilingi kumi. Mbegu zenye asili inayojulikana ziko KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu pale Muguga, na mikaratusi ya vipandikizi iliyochaguliwa hukuzwa na vitalu vinavyoaminika, kikiwemo kilicho Karura. Ubaya wa mche mbovu hamtauona hadi mwaka wa 5. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inawapa miti kama 450 kwa ekari. Mashimo yachimbwe kabla ya mvua ya Machi au ya Oktoba, na palizi miaka miwili ya kwanza bila kukosa. Palizi ndiyo inayoua miradi ya watu wa mjini. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa likizo ya kupanda miti, na picha zilikuwa nyingi sana; sijaona likizo ya kupalilia. Mwajirini kijana wa palepale Gatanga kwa mshahara wa kila mwezi, msitegemee safari za Jumapili.

Biashara hii ina sheria zake, nazo mara nyingine hubadilika kwa ghafla. Kuanzia Februari 2018 ukataji katika misitu ya umma na ya jamii ulisimamishwa, na rais alitangaza kuuondoa marufuku huo Julai 2023, kisha mambo yakaingia mahakamani. Mashamba binafsi hayakuwa walengwa, lakini mashine nyingi za kupasua zilifungwa na mbao za Tanzania zikajaa Gikomba. Kwa hiyo kabla ya kupanda, jueni ni nani anapasua karibu nanyi, na kwamba siku ya kuvuna mtahitaji kibali cha kusafirisha kutoka KFS, shirika la misitu la serikali. Kama kuna kitu kimoja ambacho serikali ingefanya ili watu wa kawaida wapande, ni kufanya kibali hicho kiwe rahisi na sheria ikae mahali pamoja kwa muda wa mzunguko mmoja wa mti.

Mwisho ni mkataba. Kanuni za masoko ya kaboni za 2024 zinataka mradi upite kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na zinaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama kwenye miradi ya ardhi. Lakini kinga hiyo ya jamii imewekwa kwa ardhi ya umma na ya jamii. Yenu ni ya binafsi. Hakuna sheria itakayowakatia fungu lenu. Mtapata kile mlichotia sahihi. Mwulizeni broka, kwa maandishi, mradi wake umesajiliwa wapi na kwa nambari gani, NEMA imempa barua gani, nani anamiliki kaboni iwapo mtauza shamba, mkataba ni wa miaka mingapi, na nini kitatokea moto ukipita au mkiamua kukata mapema. Ada ya usajili akiidai mbele, kabla hata mche mmoja haujapandwa, mfungieni mlango kwa heshima. Na kabla ya hayo yote, angalieni hatimiliki ya Gatanga imeandikwa jina la nani. Kama ni la mwenyekiti peke yake, rekebisheni hilo kwanza. Msimu wa kupanda unaweza kungoja mvua inayofuata.